Joto Lisilo na Pa Kwenda

Kituo cha Majaribio
4 Februari

Baba, shikamoo.

Nimefika salama. Chumba nilichopewa kina kitanda, meza na dirisha linalotazama ukuta, kwa hiyo hakuna cha kunipotezea muda. Simu tunaziacha getini kila asubuhi. Askari anazipanga kwenye droo zenye namba, tunazichukua saa kumi na mbili jioni. Jumapili nilikupigia mara tatu na mara zote akapokea mama, eti uko karakana. Jumapili, baba? Ndiyo maana nimeamua kukuandikia. Barua huwezi kuikimbia.

Mama anasema ulimuuliza ninachofanya huku hasa ni nini. Tunatengeneza setilaiti, chombo cha ukubwa wa friji ya milango miwili, kitakachozunguka dunia kikipiga picha za mito. Ndani yake kuna kompyuta nne za kuzisoma hizo picha hukohuko juu, ili mto ukianza kufurika watu wa bondeni waambiwe mapema. Sasa kompyuta zikifanya kazi zinachemka. Kazi yangu mimi ni moja tu: zisichemke.

Najua umeshaanza kucheka. Utasema, huko juu si kuna baridi ya kugandisha mate? Kila mtu ananiambia hivyo, hata askari wa getini. Baridi ipo, lakini hewa hakuna, na bila hewa joto halina wa kulibeba. Ichukulie chupa ya chai. Inaweka chai moto mpaka jioni kwa sababu kati ya kuta zake mbili hewa imenyonywa yote. Basi kompyuta zangu ndiyo chai, na anga lote ndiyo chupa.

Kwa hiyo nimezifunga kompyuta kwa bolti juu ya bamba la alumini. Joto linashuka kwenye bamba, bamba linalipeleka nje kwenye rejeta, na rejeta inalitupa angani kama pasi inavyokupiga joto usoni kabla hujaigusa. Njia nyingine hakuna.

Kuna jambo moja tena. Siku ile ya kuniaga, mjomba aliponiita fundi friji mwenzako mbele ya wageni, nilisema mimi si fundi friji, mimi ni injinia. Nilikuona ulivyoinuka kwenda kuleta soda ambazo tayari zilikuwa mezani. Kama ni hilo, niambie.

Mwanao,
Kelele


Karakana
13 Februari

Kelele mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa sauti, mama yako akaja mbio kuniambia nipunguze, mtaa mzima utajua siri za serikali.

Nilikuwa nimeanza kukuandikia kwamba weka feni kubwa, moja ya kuingiza na moja ya kutoa. Nilipofika kwenye chupa ya chai nikalikata hilo. Unaliona hapo juu, mstari uliofutwa. Feni bila hewa ni pambo. Miaka thelathini na mbili nahamisha joto kutoka ndani ya kabati kwenda nyuma ya kabati, na siku zote nyuma kuna hewa inanipokea mzigo. Sikuwahi kuishukuru. Kumbe ilikuwa inanifanyia nusu ya kazi.

Hapa tuko vizuri. Mama yako siku hizi anakaa mbele, anapokea wateja na kuandika kwenye karatasi kila kifaa kinasumbua nini. Mimi nakaa nyuma na spana zangu, nasoma karatasi, natengeneza. Mwenye bucha ameleta friza lake la tatu. Mguu wangu haujambo.

Simu sina muda nazo. Zina mlio mbaya siku hizi. Wewe niandikie.

Habari ya soda siikumbuki. Kama nilienda kuzichukua basi nilikuwa na kiu.

Baba yako


Kituo cha Majaribio
22 Februari

Baba, shikamoo.

Kazi inakwenda vizuri sana. Chakula ni kizuri, watu ni wazuri.

Nina swali, la mwenzangu mmoja hapa. Yeye naye anapoza kompyuta, zinafanana na zangu. Alizijaribu kwanza mezani, chumba cha kawaida, zikafika nyuzi hamsini na nane zikatulia. Safi kabisa. Kisha akaziingiza ndani ya Pipa. Hilo ni tanki la chuma linaloweza kumeza gari dogo, unalifunga, unanyonya hewa yote, unagandisha kuta zake, na hapo ni kama uko angani. Humo kompyuta zilifika nyuzi tisini na tatu kwa dakika arobaini zikajizima zenyewe. Bamba ni lilelile, bolti ni zilezile, rejeta ni ileile. Hesabu zake nimezipitia mara nyingi, yaani yeye amezipitia, na hazina kosa.

Ungekuwa wewe ungeangalia wapi?

Jumamosi nitapiga simu saa tano asubuhi. Tafadhali uwepo.

Mwanao,
Kelele


Karakana
3 Machi

Kelele,

Mpe pole huyo mwenzako. Mwambie namfahamu tangu akiwa na meno mawili, alikuwa akivunja kikombe anakuja kuniambia kikombe cha jirani kimevunjika.

Sasa tuongee kazi. Mezani zilikuwa sawa, kwenye Pipa zikachemka. Kilichobadilika ni kimoja tu, hewa imetoka. Basi jiulize hewa ilikuwa imejificha wapi ikisaidia bila kuonekana. Mimi ningeangalia pale kompyuta inapokaa juu ya bamba. Macho yanakwambia vimegusana. Macho ni waongo. Mezani, penye mwanya mwembamba kama karatasi panaingia hewa, na hewa inavusha joto kidogo kidogo. Ukiinyonya, mwanya unabaki mtupu na joto linakosa daraja.

Zamani nilikuwa natengeneza kompresa ya chumba cha baridi cha kiwanda cha maziwa. Kifuniko chake kilikuwa kinavuja gesi kila baada ya wiki. Nilikaza bolti mpaka mkono ukafa ganzi. Nikaweka rula juu yake, rula ikasema kimenyooka. Mwisho nikachukua rangi ya mdomo ya mama yako, nikaipaka upande mmoja, nikafunga kama kawaida, nikafungua. Penye rangi pande zote mbili pamegusana. Pasipo na rangi upande wa pili pana mwanya. Ndani ya dakika kumi nilikuwa nimeona ugonjwa wote.

Rangi ilikuwa mpya, haijafunguliwa. Mama yako hakusema na mimi siku mbili.

Tena, ukikaza bolti nenda mkabala: moja huku, inayofuata ng'ambo yake. Usizunguke kama anayefunga kifuniko cha chupa.

Baba yako


Kituo cha Majaribio
12 Machi

Baba,

Nimekaa na barua yako siku tatu nisijue nianzie wapi.

Mwenzangu ni mimi. Ulijua. Jaribio limeshindwa na mkuu wa mradi amenipa mpaka tarehe mbili Aprili, siku ambayo Pipa litakuwa letu tena kwa mara ya mwisho. Nikishindwa watazima kompyuta mbili kati ya nne. Hapo picha za mito zitasomwa nusu, na mafuriko yatakuwa yanatangazwa yakiwa yameshaingia ndani ya nyumba. Jamaa wa umeme anayekaa meza ya pili ameshaanza kusema kwa upole kwamba bamba langu lilikuwa jembamba mno. Upole wake unaniuma kuliko angefoka.

Lakini siandiki kwa ajili ya hilo. Jumamosi saa tano nilipiga. Ulipokea mwenyewe. Nikasema, "Baba, ni mimi." Ukasema, "Nani?" Nikasema, "Ni mimi, mwanao, Kelele." Ukasema, "Umekosea namba, mama," ukakata. Nikapiga tena, haikupokelewa.

Nilisimama pale getini na simu mkononi mpaka askari akaniuliza kama nimepata msiba.

Kama umenikasirikia kwa yale niliyosema mbele ya wageni, nitukane, nitavumilia. Lakini usijifanye hunijui. Ushauri wako wa rangi ya mdomo nimeuweka pembeni. Siwezi kupokea msaada wa mtu asiyetaka hata kusikia sauti yangu.

Kelele


Nyumbani
19 Machi

Mwanangu,

Ni mimi mama yako. Baba yako hajui kama naandika. Barua yako ameisoma, akaikunja, akaenda nyuma kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa.

Hakukukasirikia. Baba yako hasikii.

Ilianza kidogo kidogo mwaka juzi. Nikimwita anageuka upande mwingine. Redio anaifungua mpaka jirani anafunga dirisha. Sasa sikio la kushoto limekaribia kufa na la kulia linapata sauti nzito tu, mlango ukibamizwa, gari likipita. Simu kwake ni kama nyuki ndani ya chupa. Siku ile uliyopiga nilikuwa sokoni. Barua yako ya kusema utapiga ilikuwa haijafika; aliona simu inawaka akaipokea bila kutazama jina. Hakujua ni wewe. Alisikia tu mvumo wa sauti ya kike, akadhani ni mtu aliyekosea namba. Sasa ameshajua alichokufanyia, na tangu jana sahani yake inarudi jikoni kama ilivyokwenda.

Unajua fundi friji anatibu kwa sikio. Akisimama mlangoni alikuwa anajua kompresa inaumwa nini. Anaogopa wateja wakisikia wataenda kwingine. Na anakuogopa wewe zaidi. Alinikataza kukwambia, alisema, "Akijua ataacha mitambo yake aje kukaa hapa kunisikilizia." Ndiyo sababu nakaa mbele naandika karatasi. Yeye siku hizi anaweka kiganja juu ya mashine, anafumba macho, anahisi. Na anapatia, sijui vipi.

Na ile habari ya soda, usijibebeshe. Ulichosema alikisoma midomoni mwako, na usiku huohuo aliniambia, "Umemsikia? Injinia!" Alienda kuficha uso. Alikuwa analia kwa furaha, mwanamume mzima na kreti mkononi.

Nimesema. Sasa msinisukume mimi katikati, malizaneni wenyewe. Na ile rangi ya mdomo haikuwa siku mbili, ilikuwa wiki nzima.

Mama yako


Kituo cha Majaribio
3 Aprili

Baba mpendwa, shikamoo.

Kaa kwanza.

Tarehe ishirini na tano nilienda duka la karibu nikanunua rangi ya mdomo, nyekundu kuliko zote. Muuzaji akaniuliza ni ya shughuli gani, nikamwambia ya bamba la alumini. Kwenye chumba tunachoundia chombo hairuhusiwi hata poda usoni, vumbi lake linaharibu vioo vya kamera. Kwa hiyo nilichukua bamba la akiba na kompyuta ya akiba, nikaenda nazo stoo, nikapaka, nikafunga bolti zote kama tulivyozifunga mwanzo, nikafungua.

Baba, rangi ilikuwa imehamia pembeni tu, kuzunguka bolti. Katikati bamba lilikuwa jeupe pe! Kompyuta ilikuwa imekaa kwa kingo zake, tumbo limeinuka, na moyo wake unaochemka uko palepale katikati. Bolti tulizikaza sana pembeni, chuma kikajikunja kidogo, unene wa unywele. Mezani hewa ilijaa pale ikatufichia aibu.

Nikamwita jamaa wa umeme. Alichuchumaa, akaangalia bamba, akaniangalia mimi, akaangalia tena bamba. Akasema, "Kwa hiyo si wembamba." Akavua koti akaanza kunisaidia kutoboa. Tumesawazisha bamba upya, tukaongeza bolti mbili katikati, tukapaka grisi ya kupitishia joto nyembamba kama siagi ya bahili, na tukakaza mkabala, moja huku, nyingine ng'ambo.

Jana tuliingia kwenye Pipa saa mbili asubuhi. Tulipofika dakika ya arobaini hakuna aliyekuwa anapumua. Nyuzi sitini na tatu. Baada ya saa moja, sitini na nne. Mpaka saa kumi jioni hazikusogea. Kompyuta zote nne, mzigo wote. Mkuu wa mradi, mtu ambaye hatujawahi kuona meno yake, alicheka mpaka akavua miwani kuifuta.

Akaniuliza ujanja wa rangi nimesomea chuo gani. Nikamwambia, "Kwa baba yangu. Ni fundi friji, na mimi ni fundi friji mwenzake." Nilisema mbele ya wote, watu kumi na saba, niliwahesabu.

Barua yangu ya mwisho ilikuwa mbaya. Nisamehe. Tuendelee kuandikiana, mwandiko wako naupenda, hasa mistari uliyofuta.

Mwanao,
Kelele


Karakana
14 Aprili

Kelele mwanangu,

Nyuzi sitini na nne! Nimelisoma hilo mbele ya mwenye bucha, ambaye hakuelewa kitu, lakini alinipa mkono.

Mama yako amekwambia. Usibishe. Barua yako nzima hukuniuliza habari ya simu hata mara moja, na wewe si mtu wa kuacha swali likapita. Nimemkabili, naye hakukana. Alisema, "Ndiyo, nimemwambia, na ukicheza, nitamwambia na la mguu." Alilisema kwa kuliandika kwenye karatasi ya wateja, sehemu ya tatizo la kifaa.

Basi na niseme mwenyewe. Sisikii. Nilidhani nikinyamaza litakuwa dogo. Wateja waliniuliza, "Mbona siku hizi hujibu?" nikasema nina mawazo. Siku ile ulipopiga nilishika sauti yako mkononi nikaitupa kama taka, na hilo nitalikumbuka. Sikukataa kusikia sauti yako. Huwa najaribu kuikumbuka nikiwa nafanya kazi, ulivyokuwa unapiga kelele humu karakana ukiniuliza gesi inaenda wapi ikichoka.

Usije. Nakuomba. Maliza kazi yako. Lakini nimekubali jambo moja ambalo mama yako amelidai mwaka mzima. Alhamisi tunakwenda kliniki ya masikio. Nimevaa leo shati la kutokea kulijaribu kama bado linanitosha. Halinitoshi.

Baba yako


Kituo cha Majaribio
20 Agosti

Baba na mama, shikamooni.

Imeruka. Jumanne saa nne asubuhi. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya skrini, jamaa wa umeme amenishika kiwiko bila kujua. Kupaa kwenyewe kulikwisha haraka. Sisi tulichokuwa tunasubiri ni jioni yake, kompyuta zilipowashwa. Namba ya kwanza ikaja: arobaini na moja. Kisha hamsini na tano. Kisha sitini na mbili, ikakaa hapo. Leo ni siku ya tatu na bado iko hapo, inapanda kidogo ikipita upande wa jua, inashuka ikipita kivulini.

Jana ilitutumia picha ya kwanza iliyosomwa hukohuko juu. Mto mpana wenye rangi ya matope, na kando yake chombo kimechora mstari mwekundu: hapa maji yamepanda. Walipigiwa simu watu wa huko. Walijibu kwamba ni kweli, na kwamba mbuzi wameshahamishwa.

Nimepewa likizo ya wiki tatu. Nakuja kwa sababu nataka kuja, wala si kumsikilizia mtu.

Kelele


Karakana
27 Agosti

Mwanangu,

Njoo. Mama yako ameshaanza kufua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Hongera, na hongera tena. Na hongera kwa mbuzi.

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu nina kazi nyingi kuliko wakati wowote, na sababu ni hii. Vifaa vya masikio vilifika wiki iliyopita, vidogo kama maharage, kimoja kila upande. Daktari alipoviwasha nilisikia kiti chake kikilia, nikageuka kutazama ni nani. Mama yako akasema, "Unanisikia?" Nikamwambia asipige kelele. Alilia, nami nikamsikia akilia, ikawa shida kwa wote wawili.

Nikarudi karakana kifua mbele. Nikapita kwa mwenye bucha kumsalimia. Kelele, friza lake linanguruma kama trekta! Nikamuuliza limeanza lini. Akasema, "Tangu ulipolitengeneza, fundi. Tulidhani ndivyo linavyotakiwa." Nikaenda kwa mshona nguo, hivyohivyo. Nikaenda zahanati. Baridi ni nzuri kila mahali, kompresa nilizipatia kwa kiganja, lakini vibati vya nyuma nimevifunga hovyo vinapiga ngoma, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuniambia. Mwaka mzima watu wanalala na vishindo kwa kuniheshimu.

Kwa hiyo sasa nazunguka nyumba hadi nyumba na spana, nafungua, natia vipande vya mpira, nakaza mkabala. Mama yako ana orodha yote kwenye karatasi zake. Nimemaliza kumi na tisa, nimebakiza tatu. Ya mwalimu mstaafu nimeiacha ya mwisho kwa leo, na ndiyo ninayoelekea sasa hivi nikimaliza kufunga hii bahasha. Jana nilipita kwake kuulizia saa ya kuja. Friji iko jikoni, upande wa pili wa nyumba, na mimi niliisikia tangu getini.

Baba yako,
fundi friji